Maji ya Moto kwa Nguvu za Jua

Msomaji, ikiwa wakaa Umoja, Kayole au Buruburu na wataka kuweka paneli ya kupasha maji juu ya nyumba yako, soma kwanza habari hizi kabla ya kumwita fundi.

Kagua mbao za paa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, basi tangi la lita 150 likijaa lina kilo 150 za maji, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Ni kama watu wazima wawili waliolala juu ya bati lako usiku na mchana. Mbao zilizoliwa na mchwa hazifai.

Nairobi iko kusini kidogo ya Ikweta. Tangu Juni mpaka Agosti, wakati wa baridi na mawingu, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo paneli na ielekee kaskazini, mahali ambapo ghorofa ya jirani haitaitia kivuli. Ikiwa ina urefu wa mita 2, ncha ya juu iinuliwe kadiri ya nusu mita.

Sasa tuje kwenye tangi, maana hapa wengi hukosea. Jirani yangu mmoja aliweka paneli na tangi kwa kimo kimoja. Jioni maji yalikuwa moto, alfajiri yakawa baridi, naye akamlaumu muuzaji bure. Kwa nini? Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda. Ya baridi ni mazito, hushuka. Mchana jua huyazungusha hivyo bila pampu. Lakini usiku maji ya ndani ya paneli hupoa, hushuka, na kuyavuta ya moto kutoka tangini yaje kupoa nayo. Basi chini ya tangi pawe juu ya ncha ya paneli kwa kadiri ya sentimita 30. Tangi la maji baridi liwe juu zaidi ya hilo.

Maji ya mgao yakikatika na paneli ya mirija ya kioo ikakauka, usiyafungulie mchana, kwani kioo chenye moto kikipata maji baridi hupasuka. Ngoja mpaka alfajiri. Wala usizibe bomba la kutolea hewa.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 mpaka 50 kwa stima hula yuniti 3 na nusu hivi. Tazama risiti yako ya stima, uzidishe kwa siku 30.