Mauti ndani ya chungu

Tusome 2 Wafalme 4:38-41. Wakati wa njaa huko Gilgali, mtu alichuma matango ya porini asiyoyajua, akayatia chunguni. Njaa haikuigeuza sumu kuwa chakula.

Nasi posho ikipungua, tukiletewa ndege wa porini kwa bei ndogo, tunashukuru bila kuuliza. Mwaka 2009 huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji walitia karbofurani, dawa ya kuua wadudu, ndani ya konokono. Ndege walikula wakafa, na nyama yao ikauzwa.

Basi tushike mambo matatu:

1. Tusipojua mnyama alikufaje, tusile. Tusimpe mbwa, tumfukie mbali na maji.

2. Tusitegemee kuchemsha, chumvi wala moshi. Sumu yaweza kubaki.

3. Aliyekula akitokwa na mate mengi na jasho, akitapika au kupumua kwa shida, tumkimbize zahanati. Tusimpe maziwa tukangoja.

Wale wa Gilgali walipiga kelele mara walipoonja. Nasi tusione haya kuuliza, hata muuzaji akiwa ndugu yetu.