Tujue Kitambaa Kabla ya Kukivaa



Katika somo hili tunajifunza nguo hutengenezwa kwa kitu gani, na kazi hiyo humletea nini mtu anayeifanya. Wengi wetu tunalima pamba, tunaichambua, tunasokota uzi au tunashona. Lakini sisi pia ni wanunuzi, na matawi yetu hujadiliana na waajiri juu ya sare na ovaroli. Hapana budi tujue tunachochagua.

1. Pamba

Pamba hunyonya jasho, hupitisha hewa, na ikichakaa huoza udongoni. Watu husema ni kitambaa safi. Tuulize: safi kwa nani? Shambani hupuliziwa dawa za wadudu, mara nyingi na watu wasio na vifaa vya kinga. Endosulfani, dawa iliyotumika sana katika pamba, iliingizwa mwaka 2011 katika Mkataba wa Stockholm ili ikomeshwe duniani.

Kiwandani, vumbi la pamba huleta ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosi. Dalili yake ya mwanzo ni kubanwa kifua siku ya Jumatatu, mtu anaporudi kazini baada ya mapumziko. Msimamizi asiseme huo ni uvivu. Kinga yake ni mitambo ya kufyonza vumbi, na kupima mapafu kabla hayajaharibika moja kwa moja.

Pamba ya kilimo hai hulimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Wakulima wa Lango, kaskazini mwa Uganda, waliianza katika miaka ya 1990. Hiyo ni hatua njema, ila cheti cha shambani peke yake hakituelezi mshahara wa mshonaji.

2. Poliesta

Hii hutokana na mafuta ya petroli, na leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Ni imara, rahisi, na hukauka upesi. Lakini haiozi, na kila ikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo vya plastiki vinavyoingia mitoni na ziwani. Tena, ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Kwa hiyo wenzetu wa boila na wa kuchomelea vyuma wasikubali ovaroli za poliesta.

3. Rayoni

Rayoni, au viskosi, hutangazwa kuwa zao la miti. Ni kweli hutokana na mbao, lakini kuziyeyusha hutumika kemikali ya kaboni disalfaidi, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na moyo. Aina iitwayo layoseli nayo hutoka kwenye mbao, ila kemikali yake haina sumu kali kama ile, na karibu yote hukusanywa na kutumika tena.

Jaribio la moto

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo ya chuma, uuwashe nje, mbali na pamba na mafuta. Pamba na rayoni huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Vitambaa vingi ni mchanganyiko. Vitaonyesha dalili zote mbili.

4. Mkono ulioshona

Kitambaa kizuri chaweza kushonwa katika nyumba ya mauti. Nchini Uturuki vijana waliopuliza mchanga kwenye jinzi ili zionekane zimechakaa walipata silikosi ya mapafu, na kazi hiyo ikapigwa marufuku mwaka 2009. Nchini Bangladesh jengo la Rana Plaza liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana jana yake, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi ndani. Baada ya msiba huo vyama vya wafanyakazi vilisaini na makampuni mkataba wenye nguvu ya sheria juu ya usalama wa majengo.

5. Mitumba

Nguo hizi, ambazo Uganda huitwa mivumba, hupunguza taka na humfaa mwenye kipato kidogo. Lakini pia hushindana na viwanda vyetu. Rwanda ilipopandisha ushuru wake, Marekani iliiondolea mwaka 2018 nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Hivyo jambo hili si la mnunuzi mmoja mmoja tu. Ni la siasa ya biashara.

Tunajifunza nini?

Hakuna kitambaa kilicho safi chenyewe. Usafi hutokana na namna kinavyolimwa, kinavyosokotwa na kinavyolipiwa. Nguo idumuyo na kushoneka upya ni bora kuliko tatu za kutupa. Na mfanyakazi mwenye chama ndiye awezaye kukataa vumbi, sumu na ufa ukutani. Tangu Juni 2022, usalama na afya kazini ni haki ya msingi katika Shirika la Kazi Duniani, na Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 ni mmoja wa mikataba yake ya msingi. Tuutaje mbele ya waajiri.

Maswali ya kujadili tawini

1. Ovaroli zetu ni za kitambaa gani? Zinafaa kwa kazi yetu?
2. Nani kati yetu hubanwa kifua Jumatatu? Je, amepimwa?
3. Katika mkataba ujao wa hiari, tudai nini juu ya sare na vumbi?