Pikipiki Mpya na Kulika kwa Vyuma Vyake

Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, kazi ya kuchukua abiria kwa pikipiki imeenea sana mjini Nairobi. Katika vituo vya Kibera na Kawangware, mtu anunuapo pikipiki mpya hupewa mashauri mawili yanayopingana. Mmoja humwambia, "Ikimbize tangu siku ya kwanza ili izoee." Mwingine humwambia, "Iendeshe polepole kama mtu achukuaye mgonjwa." Mashauri yote mawili yana hasara. Na kwa kuwa pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku, injini ikifa, deni halifi nayo. Basi yafaa kila mwenye pikipiki ajue kulika kwa vyuma kulikokusudiwa, na kulika kwa hatari.

MAMBO YALIYOMO NDANI YA INJINI

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda mara maelfu kwa dakika. Imevikwa ringi za chuma, ambazo kazi yake ni kuzuia gesi ya moto isipenye chini, na kukwangua mafuta yasipande juu. Ukuta wa silinda huonekana laini, lakini kiwandani umechorwa mistari myembamba yenye kukingamana, ili ushike mafuta. Ringi mpya hugusa vilele vya mistari hiyo tu. Vilele hulika kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vioane. Kulika huko si ubovu. Ni sehemu ya mwisho ya kazi ya kiwanda, ambayo ameachiwa mwenye pikipiki.

Nguvu inayozikaza ringi juu ya ukuta ni mgandamizo wa gesi. Injini ikiendeshwa kwa unyonge siku zote, ringi hazikazwi vya kutosha. Ukuta hung'aa kama kioo kabla vyuma havijaoana, na injini huanza kula mafuta. Ikikimbizwa mno, joto huzidi, utando wa mafuta hukatika, na vyuma hukwaruzana. Njia njema ni ya katikati.

Kanuni hii si ya injini peke yake. Bunduki inayojipakia kwa pistoni ya gesi, kama vile FAL ya Ubelgiji, ikiwa mpya hufutika rangi mahali vyuma vinaposuguana. Askari mjuzi hashtushwi na alama laini za namna hiyo. Hushtushwa na ufa, au ncha iliyomeguka.

NAMNA YA KUIZOEZA INJINI

Kwanza, soma kitabu cha mtengenezaji. Kama kitabu na maneno ya kituoni yakipingana, fuata kitabu.

Pili, asubuhi iache injini ingurume kwa muda mfupi kabla ya kuondoka, ili mafuta yafike juu.

Tatu, badilisha mwendo mara kwa mara, wala usifungue mafuta mpaka mwisho. Njia ya kutoka Kawangware kwenda Dagoretti Corner, yenye kusimama na kuondoka, yafaa kwa kazi hii.

Nne, upandapo kutoka Kibera kuelekea Ngong Road, ingiza gia ndogo mapema. Kuilazimisha injini kupanda kwa gia kubwa huku ikitetemeka na kugonga ni kuiumiza.

Tano, usiilemeze kwa mizigo. Sheria huruhusu abiria mmoja tu, na injini mpya huihitaji sheria hiyo kuliko injini yoyote.

Sita, mwaga mafuta ya kwanza mapema. Vitabu vingi hutaja mahali fulani kati ya kilomita 500 na 1,000. Mafuta hayo ndiyo yaliyobeba unga wa vyuma vilivyolika. Kuyaacha ndani ni kuusugulia mtambo mchanga wake wenyewe.

DALILI ZA KAWAIDA NA DALILI ZA HATARI

Usiogope ukiona mafuta ya kwanza yanametameta kama yenye vumbi la fedha. Ukiona bomba la moshi limegeuka rangi karibu na injini. Ukisikia harufu ya rangi inayoungua siku za mwanzo. Au cheni ikilegea na kuhitaji kukazwa. Vali pia hubadili nafasi zake zinapokaa vizuri, kwa hiyo mwambie fundi azipime katika matengenezo ya kwanza.

Lakini nenda kwa fundi upesi ukiona vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole. Moshi wa buluu usiokoma. Mafuta yanayopungua kila siku. Mlio wa kugonga unaozidi. Au injini inayopoteza nguvu ikipata moto.

HESABU YA SUBIRA

Mwenye kwenda kilomita 100 kwa siku hutimiza kilomita 1,000 kwa siku kumi. Mkopo wake huenda ukachukua mwaka mzima au zaidi. Siku kumi za uangalifu ni bei ndogo kwa injini itakayolimaliza deni na kubaki na nguvu za kumlisha mwenyewe. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.