SOMO: MIZANI YA KIELEKTRONIKI NA HAKI YA MWANACHAMA



Mkulima afikishapo alizeti yake ghalani, malipo yake hutegemea namba moja tu: ile itokeayo katika mizani. Hatuna budi kuifahamu mizani hiyo.

1. Namna inavyopima
Chini ya bamba mna kipande cha chuma kilichobandikwa waya mwembamba sana. Gunia likiwekwa, chuma hupinda kidogo mno, jicho lisione. Waya nao huvutika, na umeme hupita ndani yake kwa taabu zaidi. Badiliko hilo ndilo hugeuzwa kuwa kilo. Kihisio cha waya wa namna hii kilibuniwa Marekani mwaka 1938.

2. Jinsi inavyopotoshwa
Katika ukaguzi nilikuta chama kimoja ambacho wanachama wake walimshuku karani wa mizani kuwa mwizi. Tuliweka mawe ya kilo 60. Mizani ikasoma 60 barabara. Kisha tukapima gunia, tukaihamishia mizani katikati ya ghala na kulipima gunia lile lile: likaongezeka nusu kilo. Kumbe mizani ilikaa karibu mno na ukuta. Gunia liliuegemea, nao ukabeba sehemu ya uzito. Karani hakuiba, lakini mwenye magunia 30 alipunjwa kilo 15. Mizani ikizidisha, hasara ni ya chama: hulipia mzigo usiokuwamo ghalani.

3. Jaribio la kila asubuhi
(a) Weka mizani juu ya sakafu imara iliyo sawa, mbali na ukuta.
(b) Hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu.
(c) Weka jiwe lililohakikiwa katikati, kisha katika kila pembe, namba isibadilike.
(d) Jaribu pia kwa mawe yakaribiayo uzito wa gunia. Usahihi wa kilo 5 si ushahidi wa kilo 60.
(e) Andika matokeo daftarini mbele ya wanachama wawili.

Ukiona kosa, simamisha upimaji. Usivunje lakiri: matengenezo ni ya fundi mwenye leseni, na uhakiki ni wa Wakala wa Vipimo.

Maswali ya majadiliano
1. Mizani yetu ilihakikiwa lini?
2. Magunia 4,000 yakipungua nusu kilo kila moja, wanachama hupoteza tani ngapi?