Jina la Intaneti: Mali au Huduma ya Kulipia?

Anayesajili jina la kikoa, domeini kama wengi wanavyoliita, hupata haki ya kulitumia peke yake kwa muda aliolipia. Kwa majina ya .com, muda huo hauzidi miaka 10 kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo kampuni za usajili hudai kuwa mteja hanunui kitu, anapewa huduma tu. Hoja hiyo haina uzito mkubwa kama inavyosikika: mwenye hati ya kiwanja Tanzania naye amemilikishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na hakuna anayemwambia hana mali.

Nchini Marekani mahakama hazikukubaliana. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo la Virginia ilimzuia mdai, kampuni ya Umbro, kukamata majina ya mdaiwa wake ili yauzwe kufidia deni. Ilisema jina halitenganiki na mkataba wa huduma.

Miaka 3 baadaye mahakama ya rufaa yenye makao San Francisco ilichukua njia nyingine katika shauri la sex.com. Gary Kremen alilisajili jina hilo mwaka 1994, bila kulipa hata senti. Mwaka uliofuata Stephen Cohen alipeleka kwa msajili, Network Solutions, barua ya kughushi iliyodai kuwa kampuni ya Kremen imemfukuza na hailitaki tena jina hilo. Barua ilieleza pia kwamba kampuni haina intaneti, ndiyo maana Cohen ameombwa kuifikisha. Kampuni yenyewe iliitwa Online Classifieds, yaani matangazo ya mtandaoni! Msajili alihamisha jina bila hata kumpigia Kremen simu.

Cohen aliamriwa kulipa dola milioni 65, akatorokea ng'ambo. Kremen akamgeukia msajili. Mahakama ilisema mkataba haukuwepo, kwa kuwa hakuna kilicholipwa; lakini jina ni mali, ijapokuwa haishikiki, na anayeikabidhi kwa mwizi anaweza kuwajibika hata kama alidanganywa.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ilitamka mwaka 2007, katika shauri la Ujerumani, kwamba haki ya kutumia jina ni mali inayolindwa. Hata hivyo mlalamikaji alishindwa, maana majina yake yaliingilia haki za wengine. Kuwahi kusajili hakumruhusu mtu kujitwalia alama ya biashara ya mwenzake.

Kenya, Ibara ya 260 ya Katiba haitaji majina ya kikoa, ila tafsiri yake ya mali inagusa hata haki za kudai zisizoshikika, na hapo mwenye jina ana pa kuanzia.

Mara nyingi, lakini, mgogoro huamuliwa na kumbukumbu za usajili. Fundi wa tovuti akisajili jina la duka la mteja kwa jina na baruapepe yake mwenyewe, kwenye kumbukumbu mwenye jina ni fundi. Mteja atabaki kutegemea stakabadhi na ujumbe wa makubaliano yao. Malipo yakikoma, jina la .com likishafutwa huwa na siku 30 za kukombolewa, kwa ada iliyo juu zaidi. Zikipita, baada ya siku chache jina huwa wazi kwa yeyote.