Utitiri wa nyoka: tibu kizimba, usimuue nyoka

Anayefuga kuku hapa Kilifi anawajua utitiri. Mchana hawaonekani, wamejificha kwenye nyufa za banda na chini ya vijiti vya kulalia. Usiku hutoka kufyonza damu ya kuku, na alfajiri hurudi mafichoni. Nyoka anayefugwa naye ana utitiri wake. Ni wa aina nyingine, wanasayansi wanamwita Ophionyssus natricis, lakini tabia inafanana: sehemu kubwa ya maisha yao haipiti juu ya mnyama, hupita ndani ya nyumba ya mnyama. Mfugaji asiyelijua hilo atamwagia nyoka dawa wiki baada ya wiki, na utitiri hawataisha. Anayeisha ni nyoka.

Kaunti yetu si ngeni kwa ufugaji huu. Shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu, lilianzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe na mkewe Sanda, na linajulikana kwa utafiti na kwa kusaidia walioumwa na nyoka. Fira mkubwa anayetema sumu, aliyeelezwa rasmi na wanasayansi mwaka 2007, alipewa jina la mzee huyo: Naja ashei. Popote nyoka wanapofugwa kwa maonyesho, kijana anayesafisha vizimba ndiye hukutana na utitiri kwanza, na mara nyingi hana wa kumuuliza. Makala haya ni yake, na ya kila mwenye kibali. Kibali ni lazima. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga nyoka wa porini bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa, hata kama ni chatu mchanga uliyemwokota shambani.

Dalili ya kwanza huwa kwenye beseni la maji. Nyoka aliyekuwa hana haja na maji anaanza kujilaza humo saa nyingi, na chini ya beseni unaona vidoa vyeusi kama mbegu za mchicha zilizopondwa. Hao ni utitiri waliozama. Tazama pia pembeni mwa macho na chini ya kidevu, ambapo magamba huonekana kuinuka kidogo. Vumbi jeupe juu ya magamba ni kinyesi chao. Nyoka anaweza kukataa chakula, au kujivua gamba vipandevipande badala ya kulivua zima. Kama una shaka, mpanguse kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kisha kitazame juani. Utitiri mkubwa hauzidi milimita moja na nusu, lakini juu ya kitambaa cheupe hajifichi.

Wakiwa wengi humwishia nyoka damu, hasa aliye mdogo, na huweza kubeba vimelea vya maradhi kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Jike mmoja hutaga mayai sitini au zaidi maishani mwake, na huyataga penye giza na unyevu: kwenye kona, chini ya gogo, nyuma ya mkanda wa gundi. Kwa joto letu la Pwani, yai hufikia kuwa utitiri mzima kwa wiki mbili hadi tatu. Ndiyo maana kusafisha mara moja hakutoshi. Umewaua wakubwa, mayai yamebaki, na baada ya mwezi unarudi pale pale.

Kazi yenyewe huanza kwa kumtoa nyoka na kumweka kwenye sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, karatasi nyeupe chini na beseni la maji, basi. Badilisha karatasi kila siku na zichome moto. Unaweza kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu yasiyofika kichwani, kwa nusu saa hivi, bila kumwacha peke yake. Kuoga hupunguza utitiri, hakuwamalizi, kwa sababu wengi hukimbilia kichwani ambako maji hayafiki. Wako wanaompaka nyoka mafuta ya nazi. Mafuta huwaziba pumzi wale yaliowafikia, lakini hayagusi hata yai moja lililo kizimbani. Na nyoka mwenye sumu, awe fira, bafe au koboko, hashikwi kwa ajili ya kuogeshwa na mtu asiyefunzwa. Hakuna utitiri wa thamani hiyo.

Sasa kizimba, na hapa ndipo jasho linapostahili kutoka. Matandiko yote yafungwe kwenye mfuko na kuchomwa. Magogo na magome ya miti, ambayo yana nyufa zisizohesabika, ni afadhali kuyachoma pia. Kona na viungo visuguliwe kwa brashi na sabuni, kisha maji yanayochemka yamwagwe kila mahali panapoyahimili. Joto la kupita nyuzi 50 huwaua haraka. Kioo hupasuka kwa maji ya moto, kwa hiyo hicho kisugue tu na ukianike juani. Rudia usafi huu kila wiki kwa wiki sita, hata kama huwaoni tena. Vizimba vya jirani navyo vikaguliwe, na mikono ioshwe kabla ya kuhama kutoka kimoja hadi kingine.

Dawa ndiyo iliyowaua nyoka wengi zaidi kuliko utitiri wenyewe, kwa maoni yetu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe haikutengenezwa kwa nyoka. Ivermektini, ambayo madaktari huitumia kwa nyoka, huuzwa kwenye maduka ya agroveti kwa kipimo cha ng'ombe: mililita moja ya sindano ya asilimia 1 ni ya mnyama wa kilo 50. Chatu wa kilo mbili, kwa hesabu hiyo hiyo, angehitaji mililita 0.04, pungufu ya tone moja. Hakuna anayepima hilo kwa jicho. Tena dawa hiyo ni sumu kwa kobe, na kobe wengi hufugwa ukuta mmoja na nyoka. Kipimo kiachiwe daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Kama daktari ameelekeza dawa ya kupulizia kizimba, hakikisha chupa ina nambari ya usajili ya bodi ya PCPB. Pulizia nyoka akiwa nje na beseni la maji likiwa limeondolewa, vaa glavu na barakoa, kisha acha pakauke kabisa na hewa ipite kabla ya kumrudisha. Nyoka akianza kutetemeka, au akishindwa kujigeuza anapolala chali, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na umwite daktari.

Maji ya kuoshea yenye dawa yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea baharini. Dawa nyingi za jamii ya permetrini huua samaki, kaa na kamba kwa kiasi kidogo sana, na wapo wakazi wanaoishi kwa kaa wa Mida. Wala usimwachilie nyoka mwenye utitiri katika msitu wa Arabuko-Sokoke ukidhani umemsaidia. Ukishindwa kumtunza, wapigie KWS.

Utitiri hawa huweza kumuuma mtu pia na kumwachia vipele vinavyowasha. Nyoka, hata aliye mzima, hubeba vimelea vya salmonela, hivyo osha mikono kwa sabuni na usisafishe vyombo vyake kwenye sinki la jikoni.

Nyoka mgeni atengwe chumba kingine kwa siku 60 hadi 90 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Kwa kumpata daktari, fika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, na kama umeshatumia dawa yoyote, beba chupa yake pamoja na karatasi ya maelezo.