Steki ya Bei Kubwa: Uliza Kabla ya Kukata

Mgahawa ninaouzungumzia uko Rasi ya Msasani, Dar es Salaam, upande ule wa balozi na hoteli zinazotazama bahari. Jina nitaliacha. Tulikwenda kumpongeza shangazi aliyestaafu ualimu, na sahani moja ya steki iliandikwa shilingi 95,000, viazi na mboga mbali. Fedha hiyo ukienda nayo buchani unarudi na kilo kadhaa za fileti. Bei tuliikubali kwa sababu shangazi alistahili. Tulicholetewa ni nyama iliyoungua nje na baridi katikati, mhudumu aliyebishana nasi, mlango wa dharura uliozibwa kwa kreti za soda, na mwishowe mjomba wangu alisakamwa na kipande cha nyama huku wafanyakazi wamesimama wakitazama.

Mjomba ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule siingii mgahawa wa aina hiyo bila kuuliza maswali, na ninataka na wewe uyaulize. Wengi wetu tukishaona vitambaa vyeupe mezani na glasi zenye miguu mirefu, tunaona aibu kuuliza. Kwa mama ntilie tunauliza chakula kimepikwa saa ngapi, tunafunua hata sufuria. Kwenye sahani ya shilingi 95,000 tunanyamaza.

Anza na simu, kabla hujatoka nyumbani. Uliza nyama inatoka wapi na imekaa siku ngapi kwenye baridi tangu ng'ombe achinjwe. Swali hili la pili ndilo litakalokuonyesha kama jikoni kuna mtu anayejua kazi. Ng'ombe wetu wengi ni wa asili, zebu wenye nundu, waliotembea malishoni miaka mingi kabla ya kufika mnada wa Pugu. Misuli yao imefanya kazi na mafuta ya ndani ni machache. Isitoshe, nyama ya Dar huliwa mbichi ya siku hiyo: ng'ombe anachinjwa usiku Vingunguti, asubuhi yuko buchani, mchana yuko kwenye sufuria. Kwa supu, kwa mchuzi, kwa ndizi nyama, hakuna ubaya, kwa kuwa moto wa taratibu utailainisha. Steki haipati muda huo. Inakaa dakika chache tu juu ya moto mkali, kwa hiyo ulaini lazima uwe umeshapatikana kabla.

Saa chache baada ya kuchinjwa, misuli hukakamaa. Kisha vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuzilegeza nyuzinyuzi, polepole, siku hadi siku. Jiko makini huiweka nyama kwenye baridi kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi kwa wiki mbili, hata tatu. Umeme unatumika, nyama inapungua uzito kwa kukauka, nafasi ya jokofu inashikwa. Hiyo ni gharama halali, na mimi niko tayari kuilipia. Nisichokubali ni kulipishwa bei ya wiki tatu kwa nyama ya jana iliyopakwa papai bichi. Papai linalainisha kweli, mama zetu wamelitumia siku zote, lakini likizidi nyama inakuwa kama uji juu na inabaki ngumu ndani. Ndivyo ilivyokuwa yetu.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza kuhusu gramu. Uzito unaoandikwa kwenye menyu kwa kawaida ni wa nyama mbichi, na steki hupoteza takriban robo ya uzito wake ikipikwa. Ya gramu 300 itakufikia ikiwa na kama 225, na ukiitaka iive kabisa itapungua zaidi. Wakikuambia nyama ni wagyu kutoka Japani, omba namba. Japani ina sheria ya kufuatilia ng'ombe tangu mwaka 2003, na kila mmoja ana namba yake ya tarakimu 10 ambayo mgahawa ulionunua nyama halali unaweza kukuonyesha. Tena uliza kama bei ina VAT ndani, ile asilimia 18, na kama kuna tozo ya huduma juu yake. Sisi tozo tuliikuta kwenye bili.

Ukifika, usikae kwanza. Tazama milango. Najua inaonekana kama woga, lakini fanya hivyo. Siku hizi migahawa mingi ya kisasa imefunika dari na kuta kwa maua na majani ya plastiki ili watu wapige picha, na wakati huohuo inaleta mezani vyakula vinavyowashwa moto mbele ya mteja. Aprili 2023, Madrid, Hispania, mhudumu aliwasha moto juu ya chakula mezani, moto ukashika mapambo ya plastiki, ukasambaa ukumbini kwa kasi karibu na mlango wa kuingilia. Watu walikufa, mfanyakazi wa mgahawa akiwemo. Kwa hiyo hesabu njia za kutokea, na ile isiyo mlango mkuu isogelee uone kama inafunguka. Yetu ilikuwa na kibao cha kijani kinachowaka vizuri, na chini yake kreti zimepangwa hadi kiunoni. Nilipomwambia mhudumu, alijibu kwamba mlango huo hautumiki. Ikiwa mlango wa dharura umezibwa, omba uzibuliwe ungali umesimama. Wakikataa, nenda kwingine. Namba ya Zimamoto ni 114, iweke kwenye simu.

Chungulia pia mtungi wa gesi ulipo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni ikingoja cheche, ndiyo maana mitungi mikubwa inatakiwa ikae nje, penye hewa, bomba ndilo liingie jikoni. Mtungi ulio kando ya meza ya wateja, karibu na jiko la makaa, haufai, hata mgahawa uwe na nyota ngapi.

Sasa kuagiza. Hapa watu wanabishana sana, kwa hiyo nitaeleza ninavyoelewa. Kipande kizima cha nyama ya ng'ombe huwa na vijidudu juu, kwenye uso ulioguswa na kisu, mikono na meza. Moto mkali ukiukausha uso huo pande zote, katikati panaweza kubaki pekundu bila hatari kubwa ya bakteria. Lakini kuna migahawa inayolainisha nyama kwa mashine ya sindano au visu vidogo vinavyotoboa hadi ndani, na vijidudu vya juu vinasukumwa katikati. Marekani tangu Mei 2016 nyama ya aina hiyo lazima iandikwe kwenye lebo. Huku kwetu utaandikiwa na nani? Uliza: nyama hii imetobolewa? Ikiwa imetobolewa, au mhudumu hajui na haendi kuuliza, agiza iive kabisa.

Kuna na minyoo tegu. Mkaguzi wa nyama machinjioni hukata misuli ya taya na moyo kutafuta malengelenge yake, kisha hugonga mhuri, lakini maambukizi machache yanaweza kumpita. Malengelenge hayo hufa joto la ndani likifika nyuzi 60, au nyama ikigandishwa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa muda wa siku 10 au zaidi. Mimi kwa nyama ya hapa naagiza joto la katikati lifike nyuzi 63 kisha ipumzike dakika tatu kabla ya kuletwa. Bado ina rangi ya waridi, bado ina maji yake. Jiko linalojitapa kwa steki linapaswa kuwa na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, kifaa kidogo cha bei ndogo, na mpishi asikasirike ukikitaja. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wale iliyoiva kabisa. Na baga ya watoto, ile nyama ya kusaga, isiwe nyekundu hata kidogo: nyuzi 71, kwa kuwa kusaga kunachanganya cha juu na cha ndani. Mwaka 1993 baga zisizoiva sawasawa ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue magharibi mwa Marekani, na watoto wanne wakafa.

Sahani ikifika, kata katikati kwanza, si pembeni. Ukiona siyo ulichoagiza, sema pale pale, kabla hujala nusu. Sema kwa adabu na kwa ukamilifu: "Dada samahani, niliomba iive, hii katikati ni baridi. Naomba irudi jikoni, na ije kwenye sahani safi." Sahani safi ni muhimu, maana ile imeshashika maji ya nyama mbichi. Sisi tuliambiwa eti ndivyo Wazungu wanavyokula. Shangazi yangu, aliyefundisha watoto maisha yake yote, alinyamaza kwa heshima akaanza kutafuna. Iliniuma kumwona hivyo kwenye karamu yake mwenyewe. Ukijibiwa namna ile usibishane na mhudumu, omba meneja aje. Mhudumu mara nyingi analipwa kidogo, hajafunzwa, na ameambiwa asirudishe sahani jikoni. Anayepanga bei ndiye anayepaswa kujibu.

Nakuja kwa mjomba. Nyama ngumu hulazimisha mtu kumeza vipande vikubwa, na mtu mzima mwenye meno machache hawezi kuishinda. Mwaka 1963 daktari Haugen wa Florida aliandika kuhusu watu waliokufa ghafla migahawani, waliodhaniwa wamepata shtuko la moyo, kumbe chakula kilikuwa kimeziba njia ya hewa. Steki ilikuwa mstari wa mbele katika vyakula hivyo. Mjomba alishika shingo, hakukohoa, hakutoa sauti. Mhudumu mmoja alikimbilia glasi ya maji. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa meza ya jirani, muuguzi, na alichofanya kila mtu anaweza kukijifunza.

Anayekohoa kwa nguvu amepaliwa. Mwache akohoe, mwinamishe mbele. Asiyeweza kusema, kukohoa wala kupumua amesakamwa, na huyo hana dakika za kusubiri. Usimpe maji, usimpe tonge la ugali kusukumia. Mwinamishe mbele, mshike kifua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine mpige mara tano kwa nguvu katikati ya mabega, ukitumia kitako cha kiganja. Kama nyama haijatoka, simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa ghafla mara tano. Njia hii Henry Heimlich aliitangaza mwaka 1974. Endelea kupishanisha, tano mgongoni, tano tumboni. Mjamzito au mtu mnene sana vuta kifuani badala ya tumboni, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimbane tumbo kabisa. Akizimia, mlaze, anza kumkandamiza kifua, na mtu mwingine aite gari la wagonjwa. Hata akipona pale pale, aliyevutwa tumbo apelekwe hospitali akaangaliwe ndani.

Jijini New York migahawa inalazimishwa kubandika bango lenye maelekezo ya namna hii mahali wafanyakazi wanapoliona. Ningetamani tuwe nalo, kwa Kiswahili, kila mahali panapouzwa nyama choma, kuanzia baa ya uchochoroni hadi hoteli ya baharini. Mpaka hapo, kwenye simu ile ya kwanza ongeza swali: leo zamu ya usiku kuna mtu aliyesomea huduma ya kwanza?

Bili ililetwa mjomba akiwa bado anatetemeka, ikiwa na nyama tuliyoilalamikia na tozo ya huduma. Yako isome mstari kwa mstari. Kisichokuwa halali kikatae kwa utulivu mbele ya meneja, kisha lipa unachodaiwa kweli na udai risiti ya mashine ya EFD. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na utaihitaji, maana bila risiti huna ushahidi kwamba ulikula pale. Mkiugua tumbo baadaye, nendeni hospitali mkapimwe, mwambieni daktari mlikula nini na saa ngapi, kisha mpelekeeni taarifa afisa afya wa manispaa. Usalama wa chakula kitaifa uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, ulipoondolewa kwenye mamlaka ya dawa, kwa hiyo usihangaike na ofisi za zamani.

Barua yangu niliiandika usiku uleule, nikampelekea meneja mkononi na nakala kwa afisa afya. Niliambatanisha picha ya mlango na risiti. Fedha sikuziomba. Niliomba kreti ziondolewe mlangoni, na wahudumu wote wafundishwe kumsaidia mtu aliyesakamwa. Meneja aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza mafunzo hayo yanatolewa wapi. Nilimwambia aanze na Chama cha Msalaba Mwekundu.